Maharage yanagoma kuiva Arusha: ni maji, mkaa au kitu gani?

mamalishe_Ngarenaro

Wakuu habari za jioni. Mimi ni mtu wa Tanga, nimehamia Arusha kumfuata mume wangu, na nimefungua kibanda cha chakula huku Ngarenaro. Wateja wapo, namshukuru Mungu, ila maharage yananitoa jasho. Tanga nikiyaloweka usiku, asubuhi yanaiva bila shida. Hapa naloweka vilevile, maharage ya njano yaleyale, sufuria ileile niliyokuja nayo, lakini mkaa unateketea mpaka naona huruma. Kuchemka yanachemka, povu linapanda linamwagikia jikoni, ila ukiminya punje kwa vidole, ganda limelainika na katikati bado ni unga unga. Kande ndiyo usiseme.

Jirani mmoja anasema maji ya huku yana chumvi. Mwingine ananiambia nitie magadi. Fundi aliyenijengea banda anasema ni baridi ya Arusha tu, nitazoea. Mwenye kujua sababu yenyewe anieleweshe, maana faida yote inaishia kwa muuza mkaa. Nawasilisha.

kijana_wa_Sombetini

Dada huku tunakula nyama na ndizi, hayo maharage waachie wanafunzi wa bweni. Hahaha. Ngoja wajuzi waje, nimeweka kiti.

Ticha_Kibosho

Dada pole na kazi. Fundi wako kapita karibu na jibu, ila siyo baridi. Ni mwinuko.

Maji yanachemka pale mvuke unaojitengeneza ndani yake unapopata nguvu ya kuisukuma hewa iliyoyalalia kwa juu. Hewa ni kama kifuniko kizito. Tanga, ufukweni, kifuniko chote kipo juu ya sufuria yako, kwa hiyo maji lazima yafike nyuzi 100 ndiyo mvuke ushinde. Ukipanda mlima unaacha sehemu ya hewa chini yako, kifuniko kinakuwa chepesi, na maji yanachemka kabla hayajapata moto sawasawa. Kwa hesabu ya haraka, kila mita 300 unazopanda zinapunguza nyuzi 1. Moshi mjini tuko kwenye mita 900 hivi, maji yanachemkia nyuzi 97. Arusha mjini ni kama mita 1,400, kwa hiyo ni nyuzi 95.

Nyuzi 5 zinaonekana ndogo, lakini kuiva ni kazi ya kikemia, na kazi za namna hiyo zinapoteza kasi upesi joto likishuka. Maharage yako yanaogelea kwenye maji yanayochemka ambayo hayana moto wa Tanga.

Jirani wa maji naye usimpuuze. Maji yenye chokaa nyingi hukaza punje. Na maharage yaliyokaa ghalani muda mrefu huwa magumu hata ungeyapikia Tanga. Uliza muuzaji wako ni ya msimu gani.

Mzee_wa_Hoja

Ticha usitupotoshe. Wote humu tulifundishwa shule ya msingi kwamba maji huchemka kwa nyuzi 100, ikawa swali la mtihani na ukikosea unachapwa. Halafu moto ni moto. Aongeze mkaa, joto litapanda, maharage yataiva. Mambo ya kifuniko cha hewa mnayatoa wapi?

Ticha_Kibosho

Mzee wa Hoja, ile 100 ni ya usawa wa bahari, nusu hiyo ya sentensi ndiyo huwa inabaki ubaoni. Huna haja ya kuniamini. Tafuta kipimajoto cha jikoni (siyo kile cha homa, kinaishia nyuzi 42 na utakiharibu), kitumbukize kwenye maji yanayochemka hapo Arusha, halafu ongeza mkaa unavyotaka. Kitasimama kwenye 95 na hakitasogea.

Sasa utauliza joto la mkaa wote ule linakwenda wapi. Hapa ndipo pesa ya dada inapopotelea. Kwenye kimiminika chembe za maji zimeshikana, zinateleza mojawapo juu ya nyingine lakini haziachiani. Ili zitoke ziwe mvuke lazima kila moja ing'olewe kutoka kwa wenzake, na kung'oa kunakula joto. Kupasha lita 1 kutoka nyuzi 20 hadi 95 kunataka kilojuli kama 315. Kuigeuza lita hiyohiyo yote iwe mvuke kunataka zaidi ya kilojuli 2,200, yaani karibu mara saba, na kwa muda wote huo kipimajoto hakipandi hata nyuzi moja. Joto lote limeishia kubadilisha hali.

Kwa hiyo dada, maji yakishachemka, moto mkubwa haukuongezei joto la kupikia, unakuongezea mvuke. Ziba mlango wa jiko, funika sufuria, yaache yachemke taratibu yakitoa vipovu vidogo tu. Yataiva kwa muda uleule kama yanayotoa povu na kumwagika, ila mkaa utapungua sana.

Mpanda_Kibo

Naunga mkono hoja ya mwalimu, na mimi kemia sina. Nafanya kazi Mlima Kilimanjaro, njia ya Marangu. Pale kambi ya Mandara, mita 2,700, wali unapikika vizuri ila unataka subira. Horombo, mita 3,700, mpishi anaanza kulalamika. Kibo, mita 4,700, hakuna mpishi mwenye akili anayebandika maharage makavu. Maji yanachemka upesi kweli, vipovu vimejaa, ukimmiminia mgeni chai ananywa bila kupuliza. Viazi vinakuja vimeshapikwa nusu huko chini, na supu ndiyo chakula.

Ticha_Kibosho

Kibo maji yanachemkia kama nyuzi 84. Kileleni Uhuru, mita 5,895, ni kama 81, maana hewa pale ni nusu tu ya ile ya pwani. Na ndiyo maana chai ya kule haina ladha: majani hayakamuliki vizuri kwa maji ya nyuzi 84.

mamalishe_Ngarenaro

Mwalimu ahsante sana, nimefunika na kuziba mlango wa jiko. Sasa naomba kuuliza, kuna mama mmoja soko la Kilombero anatumia presha kuka, anasema maharage yanaiva chapchap. Inafanyaje, na ni kweli zinalipuka?

Ticha_Kibosho

Inamrudishia Tanga yake, na zaidi. Mvuke unafungiwa ndani, unajilundika, unayakandamiza maji, na maji yaliyokandamizwa hayachemki mpaka yapate moto mkali. Nyingi zimetengenezwa ziongeze presha inayokaribia ile ya hewa nzima ya pwani. Ukijumlisha na hewa kidogo ya Arusha unapata kama nyuzi 118. Huko maharage hayana ubishi.

Kulipuka: hatari iko mahali pawili. Kwanza tundu la kutolea mvuke likizibwa na ganda la maharage, kwa hiyo usijaze kupita nusu na lisafishe kila siku. Pili mtu akilazimisha kufungua mapema. Maji ya ndani yana nyuzi 118 na yametulia kwa sababu tu yamekandamizwa. Ukifungua, presha inaondoka ghafla, yanachemka yote kwa pamoja na kukurukia usoni. Subiri kipini kishuke chenyewe.

Neema_UsaRiver

Mimi naomba niguse magadi, maana naona limepita kimya kimya. Dada usitie. Sisi tuliokulia huku meno yetu unayaona. Maji ya chini ya Mlima Meru yanapita kwenye miamba ya volkano na kubeba floraidi nyingi. Magadi nayo yanatokana na maji ya namna hiyohiyo: maji ya ziwa yanakauka juani, maji yanapaa, chumvi zinabaki chini zinaganda kuwa mabonge. Kila kisichoweza kugeuka mvuke kinabaki, floraidi ikiwemo, na magadi ya huku yamewahi kupimwa yakakutwa nayo kwa wingi. Yanalainisha maharage kweli, lakini unalisha watoto wa watu kitu cha kuharibu meno na baadaye mifupa.

Na lingine ambalo mama zetu wengi hawajui: kuchemsha maji hakutoi floraidi. Kunaua vijidudu tu. Ukibandika lita 2 ukaziacha zikapungua hadi lita 1, floraidi yote ya lita 2 iko kwenye ile lita 1 iliyobaki. Umeikoleza. Shirika la Afya Duniani linataka isizidi miligramu 1.5 kwa lita, na huku kuna visima vinavyopita hapo mbali sana.

kijana_wa_Sombetini

Kwa hiyo bibi yangu anayechemsha maji mpaka yanabaki robo sufuria "yatakate" ndiyo anafanya nini?

Neema_UsaRiver

Mwambie yakishachemka vizuri dakika chache, aepue. Au achukue ya mvua, hayo yameshasafishwa na jua: yamepaa yakiwa mvuke na kuziacha chumvi zote huko chini. Kwa wenye uwezo kuna vichujio vya mkaa wa mifupa, kituo cha Ngurdoto kimefanya kazi hiyo miaka mingi. Mifupa ya ng'ombe inachomwa kwa utaratibu maalumu, inasagwa, na floraidi inanasa humo.

Mzee_wa_Hoja

Mwenye kupika gongo anayajua haya yote bila darasa. Anajua roho ya pombe inatangulia kupanda mvuke kabla ya maji, anaipitisha kwenye bomba lililo kwenye maji baridi, inarudi kuwa matone. Msiniulize nimejuaje.

Ticha_Kibosho

Hatukuulizi. Kileo kinachemkia nyuzi 78, maji 100, kwenye hizo 22 za katikati ndipo biashara yao ilipo. Ila kuna kileo kingine chenye sumu kinachochemkia kama nyuzi 65, nacho kikiwemo kwenye pipa kinapanda mvuke pamoja na hicho cha kunywa. Huwezi kukiona wala kukionja. Kinapofusha watu.

fundi_mitungi_Kijenge

Naona mmegusa kila kitu mmeniacha mimi. Nauza gesi, na kila wiki lazima nigombane na mtu. Anakuja: "Mtungi wako ulikuwa unawaka vizuri mpaka jana, leo asubuhi umezima ghafla, umenipunja." Sasa naomba niwaeleze wote hapa ili nikikorofishwa nimpe mtu huu uzi asome.

Ndani ya mtungi hakuna gesi tupu. Kuna kimiminika, propani na butani vimechanganywa, vimekandamizwa mpaka vikawa maji maji. Ukiutikisa unasikia vinacheza. Juu yake kuna nafasi, wanaojaza hawapiti asilimia 80 na kidogo kwa sababu kimiminika kikipata joto kinatanuka na lazima kipate pa kwenda. Kwenye ile nafasi ndiyo kuna gesi. Ukifungua jiko, gesi inatoka, na palepale kimiminika kinachemka kidogo kujazia. Kwa hiyo presha inabaki ileile mtungi ukiwa umejaa, ukiwa nusu, hata ukibaki kikombe kimoja. Moto hautakupa taarifa. Unawaka vizuri mpaka kimiminika kinaisha, halafu unazima. Hujapunjwa. Kama una wasiwasi, uzito wa mtungi mtupu umepigwa chapa kwenye chuma juu pale, weka kwenye mizani, toa, baki ndiyo gesi yako.

Njia nyingine: pika kitu kizito kwa moto mkubwa nusu saa hivi, halafu pitisha kiganja ubavuni mwa mtungi kutoka juu kushuka. Kuna mahali utasikia ubaridi unaanza ghafla, na siku zenye unyevu utaona jasho limeishia hapohapo, mstari kabisa. Chini ya mstari ndiyo kuna mali.

mamalishe_Ngarenaro

Kaka huo ubaridi unatoka wapi wakati unawaka moto?

fundi_mitungi_Kijenge

Hapo namwachia mwalimu, mimi najua tu unakuwepo.

Ticha_Kibosho

Ni hadithi ileile ya mkaa wako. Kimiminika kugeuka gesi kinataka joto, na mtungini hakuna mkaa, kwa hiyo kinajinyang'anya chenyewe na kukinyang'anya chuma. Chuma kinapoa, mvuke uliomo hewani unagusa pale na kurudi kuwa maji. Hilo jasho halijatoka ndani, limetoka kwenye hewa ya jikoni kwako.

Mpanda_Kibo

Mlimani tunabeba mitungi, kuni ni marufuku hifadhini. Alfajiri ya Kibo moto unakuwa mnyonge sana. Ni hiyo hiyo?

Ticha_Kibosho

Ndiyo. Propani inachemka hata kwenye nyuzi 42 chini ya sifuri, haina tabu. Butani inachemkia karibu na sifuri kwa presha ya pwani. Kule hewa nyepesi inaisaidia kidogo, lakini mtungi uliolala nje kwenye baridi ya kuganda unatoa gesi kwa uvivu, na ukizidi kuutumia unazidi kupoa.

fundi_mitungi_Kijenge

Na hapa nasema kwa herufi kubwa: USIUPASHE MTUNGI KWA MOTO. Usiulaze chali pia ili "itoke iliyobaki". Ukiulaza kinachotoka ni kimiminika, kinafika kwenye jiko kinapanuka zaidi ya mara mia mbili, na moto utakaouona utakukuta umeshakimbia. Gesi ikivuja ni nzito kuliko hewa, inakaa sakafuni, kwa hiyo fungua mlango, dirisha la juu peke yake halitoshi.

Mzee_wa_Hoja

Haya, nimesoma yote. Sasa nibadilishe mada kidogo kwa kuwa mwalimu yuko Kibosho na mlima anauona. Barafu ya kilele cha Kibo inaisha, kila mtu anasema. Ikiyeyuka yote si Moshi mtakufa kiu? Mito yenu si inatoka kule?

Mpanda_Kibo

Mzee, mimi nasimama karibu na kuta zile. Kwa macho yangu: barafu imesimama wima juu ya changarawe, jua la saa sita linachoma mpaka ngozi inababuka, na sehemu nyingi hapo chini pakavu, unakanyaga vumbi. Kuta zinatiririka kidogo mchana, usiku zinaganda. Mto hakuna. Wageni wananiuliza kila safari maji yanakwenda wapi.

Ticha_Kibosho

Swali zuri kuliko yote kwenye uzi huu, nitajibu kwa urefu.

Juu kule wastani wa joto ni kama nyuzi 7 chini ya sifuri, hewa kavu, jua kali. Katika hali hiyo barafu nyingi haiyeyuki. Inatoka yabisi inakuwa mvuke moja kwa moja bila kupita kwenye maji. Vidonge vya nafutalini kabatini vinafanya hivyohivyo: vinapungua mpaka vinakwisha na hujawahi kuona kabati limelowa. Sehemu kubwa ya barafu ya juu, ile iliyolala bapa, inaondoka kwa njia hiyo, inapeperuka na upepo. Zile kuta za wima ndizo zinazoyeyuka pia, kwa sababu zinapigwa na jua ubavuni.

Sasa angalia hesabu. Kilo 1 ya barafu kuyeyuka inataka kilojuli 334. Kilo hiyohiyo kupaa moja kwa moja inataka kama 2,830, mara nane na nusu. Maana yake jua lilelile likiikuta barafu kwenye hewa ya baridi na ukavu linaondoa kidogo, na likiikuta mahali ambapo inaweza kuyeyuka linaondoa nyingi kwa haraka. Mwaka 1912 ilipopimwa kwenye ramani ilikuwa karibu kilomita za mraba 12. Mwaka 2011 ilikuwa haifiki 2. Wataalamu wanavutana ni kiasi gani kimesababishwa na theluji mpya kupungua tangu mwishoni mwa karne ya 19 na kiasi gani ni joto la dunia. Mwaka 2022 UNESCO iliutaja Kilimanjaro miongoni mwa milima itakayopoteza barafu yake yote ifikapo 2050.

Kuhusu kiu: maji ya Moshi hayatoki kwenye barafu, au yanatoka kiasi kidogo kisichofaa kuhesabiwa. Yanatoka msituni. Mvua nyingi ya mlima huu inanyesha kwenye ule mkanda wa msitu chini ya Horombo, na ukungu unaopita mle unagusa majani na ndevu za miti, unageuka matone, unadondoka ardhini hata siku ambayo haikunyesha. Huo ndio mto wako. Mtu akikata miti pale au akiunguza, ndipo uanze kuhofia bomba lako. Mimi nasikitika barafu kuondoka, ni sura yetu, lakini naona tunalilia kilele huku msumeno unalia kwenye msitu na watu wako kimya.

kijana_wa_Sombetini

Hii ya msitu sikuijua. Nakazia.

dada_wa_ubuyu_Majengo

Jamani na mimi wa Moshi nina langu kabla uzi haujafungwa. Nauza barafu za ubuyu na ukwaju kwa wanafunzi. Nimesikia maji ya moto yanaganda haraka kuliko ya baridi, eti ni Mtanzania aligundua. Niweke uji wa ubuyu ukiwa moto?

Ticha_Kibosho

Ni kweli ni Mtanzania, Erasto Mpemba. Mwaka 1963 alikuwa mwanafunzi Magamba, Lushoto, wanatengeneza aiskrimu ya maziwa. Akaogopa kukosa nafasi kwenye friza, akaingiza yake ikiwa moto, na ikaganda kabla ya ile ya mwenzake ambayo haikuchemshwa. Mwalimu akamcheka. Baadaye akiwa Mkwawa, Iringa, alimuuliza Dk. Denis Osborne aliyetoka chuo kikuu Dar es Salaam, yule akaenda kupima badala ya kucheka, na mwaka 1969 wakachapisha pamoja. Wakati huo Mpemba alikuwa anasoma chuo cha wanyamapori Mweka, hapa hapa juu ya Moshi.

Ila wanasayansi bado wanagombana. Wengine wakirudia jaribio wanaliona, wengine hawalioni kabisa. Kwa biashara yako usilitegemee, maana ubuyu wa moto utazipasha na zile zilizoanza kuganda. Jua pia kwamba sukari inafanya kuganda kuanze chini ya sifuri, kwa hiyo ukizidisha sukari umejiongezea saa. Panga vifuko viachane kidogo hewa ya baridi ipite. Friza yako ina barafu ukutani?

dada_wa_ubuyu_Majengo

Ipo nene, mpaka mfuniko unagoma. Nilidhani ndiyo inasaidia ubaridi.

Ticha_Kibosho

Inazuia. Ubaridi unatoka ukutani, na ile barafu imekaa katikati ya ukuta na ubuyu wako. Zima friza, acha wazi, weka sufuria ya maji ya moto ndani, itaachia yenyewe. Usiikwangue kwa kisu. Nyuma ya ule ukuta kuna kimirija ambamo kimiminika kinageuka gesi, na kwa kugeuka huko ndiko kinakofyonza joto la ubuyu. Ukikitoboa, gesi inatoka na friza imekwisha, fundi atakudai zaidi ya faida ya muhula mzima.

dada_wa_ubuyu_Majengo

Shikamoo mwalimu. Kisu nimeshakirudisha kabatini.